Msumeno Uliokataa Kusukumwa

Siku mzee aliponipa glavu za ngozi, nililia mbele ya watu, na sioni haya kusema. Katika karakana yetu hapa Kitale, upande wa kuelekea Kipsongo, hakuna cheti. Unafagia, unawashikia wenzako vyuma, unachomelea vitu vidogo vidogo, halafu asubuhi moja mzee anakuja na glavu mpya kwenye mfuko wa karatasi na kukuwekea mezani bila hotuba. Basi, umekuwa fundi. Mimi niliachia shule kidato cha pili, na msichana nilikuwa peke yangu pale ndani, kwa hivyo zile glavu zilikuwa gauni langu la mahafali. Nililala nazo chini ya mto.

Naanza na glavu kwa sababu baadaye nilizivua mbele ya mzee huyo huyo, na nusura nimvunje moyo.

Tulikuwa watatu. Mzee mwenye karakana, mtu wa sauti ndogo, ambaye ukikosea hakugombezi, anakutazama tu mpaka utamani angekugombeza. Fundi wa grinda, mtu wa Bungoma, wa miaka arobaini hivi, ambaye kila chuma kilichoingia mle ndani kilikatwa na yeye. Halafu mimi, mchomeleaji na mwotaji wa mchana. Nilikuwa na daftari la picha za vitu nitakavyotengeneza siku moja: viti vya magurudumu vinavyopita kwenye matope, vitanda vya hospitali, hata daraja dogo la waenda kwa miguu. Fundi wa grinda alikuwa akiniita Injinia. "Injinia, hilo daraja lako lina bawaba?" Na mimi nilikuwa nacheka, kwa sababu ni kweli moja nililichora na bawaba.

Huyo fundi masikio yake yalikuwa yamechoka. Ukitaka akusikie, lazima useme mara mbili. Grinda, ile mashine ya mkononi ya kukatia kwa diski, ndiyo iliyoyala, miaka na miaka ya ule mlio wake. Halafu siku moja diski ilipasuka mkononi mwake. Kipande kikaruka, kikampasua kidevu na kwenda kugonga mabati. Nilimshikia kitambaa na damu ikanijaa vidoleni. Yeye akasema, "Imeninyoa bure, bana, hata sikuomba." Nilicheka huku nalia. Shingo ilikuwa vidole vitatu tu kutoka pale. Kuanzia siku hiyo, kila grinda ilipowashwa, niligeuka kutazama shingo yake.

Na wakati huo wote dawa yake ilikuwa pale kwenye kona, imefunikwa gunia.

Ilikuwa msumeno wa mkanda, wa kukata chuma. Kama hujauona: ni mkono mzito wa chuma, na ndani yake mkanda mwembamba wenye meno unazunguka kwenye magurudumu mawili. Unabana chuma chako kwenye vaisi, kile kibanio cha chuma, ule mkono unashuka polepole kama ng'ombe anayeinamia maji, na mkanda unakata ukipita. Mzee aliununua Kanduyi, Bungoma, kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa na karakana kabla ya kufariki. Wiki ya kwanza ulikata mshazari, kila chuma kikatoka na kichwa kimeinama upande. Wiki ya pili mikanda miwili ikakatika. Ndipo fundi wa grinda akapata wazo.

"Chuma inataka nguvu," alisema. "Hii kitu inabembeleza."

Akachukua gia kuukuu ya trekta, akaining'iniza kwenye pua ya msumeno ili ushuke kwa kishindo. Hakuna aliyebisha. Sisi wote tulikuwa watu wa grinda, na kwa grinda unakata kwa bega, kwa kiuno, kwa mwili mzima. Waya wa kufungia hiyo gia niliuleta mimi, kwa mbio, nikifurahi. Mkanda ulikatika kwa mlio wa bunduki na tukalala chini sote, mzee pia. Tuliponyanyuka tukaufunika msumeno gunia. Hata ile gia hatukuifungua.

Kisha tukapata kazi ya madawati ya shule, mengi kuliko tulivyowahi kupata. Fremu zote za tyubu, yale mabomba ya chuma ya mraba, mamia ya vipande vya kukatwa. Mzee akapima karakana kwa macho.

"Hiyo mashine itoke," akasema. "Jumamosi mtu wa vyuma chakavu anakuja na mkokoteni. Tunahitaji nafasi."

Nilimtazama fundi wa grinda, kovu lake bado jekundu kidevuni. Mamia ya vipande. Nikasikia mdomo wangu umeshasema, "Mzee, nipe mpaka hiyo Jumamosi."

"Ufanye nini?"

"Niende Kanduyi nimuulize mwenyewe."

Fundi wa grinda akacheka. Mzee hakucheka. Alifikiria, akajipangusa paji la uso. "Haya. Jumamosi saa sita. Ikikata sawa, itabaki na wewe ndiye utakayeisimamia. Isipokata, inapanda mkokoteni, na sitaki kununiwa."

Yule mama nilimkuta kwenye duka lake la chakula cha kuku, kando ya barabara. Nikamsalimu, nikajieleza, nikamuuliza kama mumewe aliwahi kumwambia chochote kuhusu ule msumeno.

"Mume wangu?" Akaniangalia kama nimeuliza kama kuku wake anajua kusoma. "Mwanangu, mume wangu alikuwa anachomelea. Kukata nilikuwa nakata mimi. Sasa hiyo mashine yangu inaendeleaje?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye gia, aliweka chini kopo la kupimia.

"Mlifunga nini?"

"Gia, mama."

"Ya pikipiki?"

"Ya trekta."

Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku. Halafu kicheko kikakatika ghafla. "Na hakuna mtu aliumia?"

Nikasema hakuna, ni bahati tu. Akashusha pumzi, akanivutia stuli. Nampenda mpaka leo kwa sababu aliuliza hilo kabla ya kunifundisha lolote.

Alichukua makopo mawili, akazungusha utepe wa nguo kuyazunguka, akauvuta ukakaza. "Huu ndio mkanda. Bonyeza hapa katikati." Nikabonyeza. Utepe ukapinda. "Umeona? Ukiusukuma, unapinda. Ukipinda, unakata mshazari. Ukisukuma zaidi, unakatika. Ile mashine inashuka kwa uzito wake yenyewe, na bado huo uzito ni mwingi. Ndiyo sababu kuna springi nyuma, ya kumshika mkono asikimbie. Nyinyi mkamuongezea trekta!"

Kisha akachomoa kichana nywelani, cha meno mapana, akakipitisha kwenye ukingo wa kopo. Kikanasa. Akatoa droo, akapata kichana cha meno madogo, akakipitisha. Kikateleza. "Tyubu yenu ni nyembamba. Meno makubwa yanaingia katikati, yananasa, yanang'oka. Wakati wote meno matatu yawe yamekanyaga chuma. Matatu, si moja."

"Na mkononi unavaa nini?" akauliza.

Nilikuwa nangoja swali hilo. Nikatoa glavu zangu kwenye mkoba kwa maringo yote.

"Nzuri sana," akasema. "Ukibadilisha mkanda, na umeme umeuchomoa ukutani, hizi zivae, maana mkanda ukijikunjua unaruka kama nyoka. Lakini mashine ikizunguka, vua. Jino likishika ngozi ya glavu, halitaachia ngozi. Litavuta, na mkono uko ndani. Nywele funga. Mkono mrefu wa shati kunja. Na hiyo bangili pia, hata kama ni ya mapenzi."

"Si ya mapenzi, mama."

"Basi itoke haraka zaidi."

Nilipokuwa naaga, aliingia nyuma ya duka, akarudi na mkanda mpya wa meno madogo, umekunjwa duara tatu na kufungwa kwa kitambaa cha shati la kiume. Alikuwa amebaki nao huo mmoja. Alikipapasa kile kitambaa, kisha akanipa. "Umekaa msumarini bila kazi muda mrefu," akasema. Nikamkumbatia, unga wa chakula cha kuku na yote.

Ijumaa nikaufunua msumeno. Kitu cha kwanza, nikachomoa umeme. Cha pili, nikafungua gia, ikaanguka sakafuni na kutikisa madirisha. Nikavaa glavu, nikauvisha mkanda wa mama, meno yakielekea kule mkanda unakozungukia. Nikaukaza mpaka kidole gumba kikiubonyeza unapinda kidogo tu. Vile vishikio viwili vinavyouelekeza mkanda vilikuwa vimeachana kama ndugu waliogombana, nikavisogeza hadi karibu na chuma. Vaisi nikaipima kwa skweya, kile chuma cha pembe mraba, mara nne. Nikajaza maji ya kupoza, yale meupe kama maziwa.

Fundi wa grinda alisimama amekunja mikono. "Unaipamba kama bibi harusi."

"Si ndiyo? Kesho ana wageni."

Hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, chini hata nikadhani anajisemea, "Na hii ikikubali, Injinia, mimi nitakata nini?"

Ndoto zangu zote, na hilo sikuwa nimeliwaza. Nikasimama, nikamkaribia upande wa sikio lake lenye nafuu. "Utakata na hii. Mimi nitakuonyesha nilivyoonyeshwa. Wewe unajua chuma kuliko mimi."

Akatazama pembeni. "Ati mimi, kusimama tu na kungoja mashine." Lakini akachukua kitambaa, akaanza kupangusa vaisi.

Jumamosi mtu wa vyuma chakavu alifika mapema. Akaketi juu ya mkokoteni wake mlangoni, akitafuna muwa. Mzee akaja akasimama karibu. Nikabana tyubu, nikafunga nywele ndani ya kofia, nikavaa miwani. Kisha nikavua glavu na kuziweka mezani.

Uso wa mzee ulibadilika. Kwetu, anayeweka glavu mezani anaondoka kazini. Ilishatokea mara mbili, na mara zote mbili mzee alikaa siku nzima bila kuzungumza.

"Hata hujajaribu," akasema, "na unaondoka?"

"Siondoki, mzee! Siendi popote. Mashine ikizunguka haitaki glavu, inaweza kuvuta mkono. Nikimaliza nitazivaa, naapa."

Akatazama glavu, akanitazama mikono mitupu. Akaitikia kwa kichwa, lakini sikujua kama ameamini.

Nikawasha. Mkanda ukaanza kuzunguka kabla haujagusa chuma, kama mama alivyosema. Nikauachia ule mkono, ukashuka taratibu, ukagusa tyubu. Ssss. Huo ndio mlio wote.

Na ulikuwa polepole. Sisi tumezoea cheche, kelele, moshi. Pale hapakuwa na cheche hata moja.

"Dada," akasema mtu wa vyuma chakavu, "hiyo itamaliza Krismasi."

Fundi wa grinda akahama mguu mmoja hadi mwingine. Mzee akavumilia, akavumilia, kisha akashindwa. Akainama akaibeba ile gia sakafuni, akausogelea msumeno.

Maishani sijawahi kumkataza mzee kitu. Nikainua kiganja. "Mzee, tafadhali. Usiiguse. Iache ijishukie."

Akasimama pale pale, gia kifuani kama mtoto anayebembelezwa. Mimi nilitazama chini ya mkanda. Vipande vidogo vya chuma vilikuwa vinadondoka, havikuwa unga, havikuwa vimeungua bluu. Vilijikunja kama nywele za mtoto mchanga. Mama alikuwa amesema, ukiona hivyo, jua amefurahi.

Ting.

Kipande kikaanguka. Nikazima, nikangoja mkanda usimame kabisa, ndipo nikakiokota. Nikakiweka skweya na kukiinua mlangoni kwenye mwanga. Hapakuwa na mwanya. Hata uzi wa mwanga haukupita. Nikampa mzee, akageuza upande mmoja, akageuza wa pili. Nikarukaruka kama mtoto, sijali.

"Bahati ya kwanza," akasema mtu wa vyuma.

Basi nikafunga tyubu nne pamoja kwenye vaisi. Ssss. Ting-ting-ting-ting. Zote nne sawa, laini, hazihitaji kusuguliwa. Wakati huo wote mikono yangu ilikuwa imepumzika. Nikazima, nikazitoa, nikabana nyingine na kuwasha tena. Fundi wa grinda alizipanga zile nne wima mezani, akapitisha kidole juu ya vichwa vyake. Kisha akainua mkono kama anayenyamazisha darasa.

"Nyamazeni. Kwani hiyo ni kwaya?"

Ilikuwa kwaya. Kanisa liko nyuma ya ukuta wetu, na kila Jumamosi wanafanya mazoezi. Miaka yote hiyo, na msumeno ulikuwa bado unazunguka, ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia akiwa kazini. Alisimama akisikiliza mpaka wimbo ukaisha, na mimi nikajifanya naona kitu kwenye maji ya kupoza.

Mzee akamgeukia mtu wa vyuma chakavu. "Umekuja mbali, hutatoka mikono mitupu," akasema, na kumpakatisha gia ya trekta. Mkokoteni ukaondoka umebeba hiyo tu, ukigongagonga kwenye mawe. Halafu mzee akapiga msumari ukutani kando ya msumeno, akazichukua glavu zangu mezani na kuzitundika pale yeye mwenyewe. Sasa kuna misumari miwili, maana fundi wa grinda naye ana zake pale, na siku hizi anayesimamia msumeno zaidi ni yeye. Mimi nachomelea, na daftari langu limefika kiti cha magurudumu cha nane.

Jioni ile nilimpigia simu mama wa Kanduyi. Fundi akawasha, nami nikanyoosha mkono na simu kuelekea msumeno ili ausikie. Nikairudisha sikioni.

"Anaimba vizuri," akasema, sauti imelowa kidogo. Kisha akakohoa. "Lakini nimemsikia karibu sana. Mwanangu, rudi nyuma hatua moja."

Nikarudi nyuma hatua moja.