Mgongo wa Mtoto Hujengwa Mapema

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya wazazi kule Nachingwea, nilivaa viatu vya kuazima vilivyonizidi. Muuguzi Mkuu alinisikia kabla hajaniona. "Bibie, hivyo viatu vitaniamshia watoto! Vua, ujaze pamba." Nikavua, nikajaza. Ndivyo nilivyoanza ukunga, kazi niliyoipenda hadi miguu ikaanza kulalamika.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa Ruangwa, kliniki ya wajawazito. Huko ndiko nilikomjua Somoe, mkulima wa ufuta kutoka Nkowe. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga, na hakuishi. Majirani walisema mengi: mara karogwa, mara kavunja mwiko. Yeye alitaka jambo moja tu, mtoto mwingine aliye mzima.

Tulipompima tukakuta kisukari. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, akaniita.

"Sista, sukari ikizidi kwa mama, chembe hai za mtoto huzalisha oksijeni haribifu kuliko mwili unavyoweza kuisafisha. Ni kama jiko lililosheheni kuni, moshi unalishinda dirisha. Moshi huo ndio unaovuruga ujenzi wa mgongo, moyo, hata ubongo. Si kila mtoto hupatwa, ila hatari inaongezeka."

"Na mgongo hufunga lini, daktari?"

"Mama akiwa hana hata hakika kama amekosa siku zake. Akija hapa na tumbo, tumechelewa. Sukari ishuke kwanza, mimba ifuate."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Husitiriwa mpaka tumbo lijiseme lenyewe, wenye jicho baya wasije wakaidhuru. Sasa nitamwitaje mtu kliniki kwa mimba ambayo hata haipo? Mama mkwe wa Somoe, Bi. Hadija, alikuja juu.

"Hee! Mimba yenyewe hamna, mnakwenda kuitangaza hospitali? Mnaita mikosi nyie!"

"Mama," nikamwambia, "shamba la ufuta unalisafisha kabla ya kupanda au baada?"

"Kabla. Kwani mie mvivu?"

"Basi na sisi tunasafisha shamba."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, akamruhusu mkwe wake aje, ingawa kwa shingo upande.

Somoe akaanza sindano za insulini, na vidonge vya foliki vinavyosaidia mgongo kufunga. Msimu wa korosho ulitusumbua kidogo. Asubuhi moja sukari yake ilikuwa juu, nikamuuliza amekula nini.

"Sijala kitu, sista. Nimefyonza mabibo tu njiani."

Kwao kula ni ugali; mabibo, yale matunda matamu ya mkorosho, hayahesabiwi. Nilimweleza taratibu kwamba damu yake inayahesabu, naye akaniahidi kuyapunguza, kwa huzuni ya dhahiri. Sukari ilipotulia, daktari akampa ruhusa. Mimba ikaja, na tukaendelea kumpima mpaka mwisho.

Siku ya kujifungua nilikuwa zamu. Mtoto alilia kwa hasira nzuri. Somoe hakuuliza kama ni wa kike au wa kiume. Aliuliza, "Mgongo je?"

Nikapitisha kidole toka kisogoni hadi kiunoni, polepole. Ngozi nzima, mifupa imejipanga. "Umefunga, mwanangu. Umefunga!" Nilisema huku nalia, wala sikuona haya. Nje, Bi. Hadija alipiga vigelegele mpaka mlinzi akamwomba apunguze.

Sasa nimestaafu, nalima mchicha. Wauguzi vijana wakinitembelea nawaambia wasiishie kumpima mama mwenye tumbo tu, wamtafute na yule anayetamani kulipata. Wengine hunisikiliza kwa adabu, macho yakiwa kwenye simu.

Wiki iliyopita nilipita kliniki kuwasalimia. Benchi lilikuwa limejaa wanawake. Mara Bi. Hadija akaingia, amemshika mkono mkwe wake mwingine, aliyeolewa majuzi, binti wa watu kajiinamia kwa aibu. Muuguzi akauliza mimba ina miezi mingapi.

"Hana mimba huyu!" akasema Bi. Hadija, benchi zima likasikia. "Ndiyo maana nimemleta."