Stetoskopu Iliyogeuka

Nyumbani walianza kumwita Daktari tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, wakati hata kumshika paka mwenye hasira hajui. Jina likamng'ang'ania kama kupe. Kuku akivimba jicho, Daktari njoo. Mjomba akivimba mguu, Daktari njoo, ingawa mjomba hana manyoya wala kwato. Kusema kweli, alilipenda.

Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, kwenye zamu ya moyo, katika hospitali ya wanyama ya chuo. Wenzake waliiogopa zamu hiyo, maana mwalimu wao alikuwa mama asiye na simile, na aliyeshindwa kusoma mapigo alirudia zamu nzima. Yeye hakuogopa. Tangu baba yake afariki, miezi michache nyuma, hakuogopa kitu, hakufurahia kitu, na hakuwahi kulia. Msibani watu walimsifu kwamba amejikaza. Kujikaza gani? Ndani hamkuwa na kitu cha kukaza. Alikula alipoambiwa ale, akalala taa zilipozimwa.

Asubuhi hiyo aliletwa mbwa mzee, mfupi, anayekohoa kama mvuta sigara. Mwenyewe, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa amempakata utadhani mjukuu. Wakamweka juu ya meza ya bati. Utaratibu wa mwalimu ulikuwa mmoja: unafumba macho, stetoskopu kifuani, vidole vya mkono wa pili kwenye mshipa wa paja, halafu unasema ulichosikia kabla mwingine hajagusa.

Daktari akafumba macho, akasikiliza. Kimya.

"Haya, unasikia nini?" mwalimu akauliza.

"Sisikii kitu. Moyo haupigi."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba chumvi. Mbwa akatikisa mkia. Wenzake wakaangua kicheko, na fundi akamkumbatia mbwa wake akisema, "Jamani, si huyu hapa anahema!" Tena vidole vya Daktari mwenyewe vilikuwa juu ya mshipa unaodunda, na hakuwa na habari.

Mwalimu hakucheka. Alikishika kile kisahani cha chuma mwishoni mwa mpira wa stetoskopu, akakizungusha mpaka kikalia ta!

"Kina pande mbili, binti. Kikikaa upande uliofungwa, hata tembo utamtangaza maiti. Rudia."

Du-shuu, du-shuu. Vali ya moyo inavuja, mapafu yameanza kushika maji. Alieleza yote sawasawa, na dawa ya kupunguza maji akaitaja, mpaka mwalimu akaguna kwa kuridhika. Ila kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, aliogopa.

Maana stetoskopu ilikuwa hii hii. Siku ile alishuka garini, akaingia chumbani na mkoba begani, akamsikiliza baba yake kifuani. Kimya. Akasema, "Ameondoka." Daktari kasema, nani wa kubisha? Nyumba nzima ikalipuka kwa vilio. Je, kisahani kilikuwa upande gani?

Akatoka koridoni, akampigia mama yake.

"Mama, siku ile nilipomsikiliza baba. Kama nilikosea je? Kama alikuwa bado..."

"Wewe! Baba yako alikuwa ameshakwenda. Nilimfumba macho kwa mkono wangu huu, wewe bado uko njiani. Hata mwili ulikuwa umeanza kupoa."

"Sasa mbona hukuniambia?"



"Uliingia na hicho kidude chako mkononi, hata usoni hukumtazama. Na yeye wiki nzima alikuwa anasema, mwacheni Daktari wangu aje, ndiye atakayenisikiliza. Nikaona, basi, acha umsikilize."

Hapo ndipo alipolia. Alilia amesimama, simu sikioni, makamasi yakimtoka kama mtoto, na mama yake upande wa pili akimwambia, "Lia, mwanangu, lia."

Mlango ukafunguliwa, fundi akatoka na mbwa wake kifuani. Alipoyaona yale machozi, akasimama palepale.

"Daktari, niambie ukweli. Anakufa?"

Akajifuta kwa mkono wa koti.

"Hapana, mzee wangu. Moyo wa kwake unapiga. Nimeusikia."