Aliyesimama Chini ya Mnara

Waliniambia msichana hawezi kusimama chini ya mnara wa watu. Walisema wote: wavulana niliowafundisha sarakasi, mlinzi wa ukumbi, hata fundi wa mbao aliyetupa maranda ya kujazia magunia yetu ya kuangukia. Eti msichana anawekwa juu kabisa, anyooshe mikono, atabasamu, watu wapige makofi. Nikawauliza, nani kasema? Mimi mwenyewe ni mwanamke na nimebeba wanaume mabegani tangu ujana wangu. Basi nikafanya nilivyotaka.

Hii ilikuwa Shauri Moyo, miaka ya tisini ikianza, katika ukumbi wa mtaa wenye sakafu ya simiti iliyopasuka. Msichana mwenyewe alikuwa wa miaka kumi na sita, mabega mapana, maneno machache. Siku ya kwanza mvulana mmoja alilalamika, "Kochi, huyu dame atatumwaga!" Msichana akamwinua huyo huyo, akamzungusha ukumbi mzima juu ya mabega yake, kisha akamweka chini taratibu. Lo! Kelele zikaisha. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekaa chini ya mnara wetu, magoti ameyakunja, wavulana wawili wamesimama juu ya mapaja yake, mmoja mabegani. Na sheria yangu ilikuwa moja tu: hapandi mtu wala hashuki mtu mpaka aliye chini aseme.

Shida ilitoka kanisani. Kina mama walimwambia mama yake kwamba binti anawaanikia wavulana mapaja, na kwamba kizazi chake kitaharibika kwa kubeba. Mama huyo aliuza mitumba katika soko la Gikomba, na hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alikuja ukumbini akanisimamia mbele.

"Mwalimu, mtoto wangu nimemtoa. Asionekane hapa tena."

Kesho yake binti akaja, kaptura ameivaa ndani ya sketi ya shule. Sikumrudisha nyumbani. Wengine wataniona mkosaji, na waone. Nilijua akiondoka siku ile hatarudi tena maishani, atabaki kuambiwa asichoweza.

Mnara ulikuwa umeshasimama mlango ulipofunguliwa kwa kishindo.

"Wewe! Toka hapo sasa hivi!"

Nilikimbia nikamzuia mama yule kwa mwili wangu. "Mama, tafadhali. Ukimvuta sasa, hawa watoto wa watu watavunjika shingo. Ngoja aseme washuke."

"Basi mwambie aseme!"

Sikumwambia. Kusema ilikuwa kazi ya aliye chini, si yangu. Msichana alimwangalia mama yake, jasho likimtiririka machoni, na hakuwa na mkono wa kulipangusa.

"Sishuki, Mama," akasema. "Wewe unabeba mzigo wa mitumba mgongoni kila asubuhi. Hao wa kanisani hawajawahi kukuuliza habari ya kizazi. Na umetuzaa sita."

Mvulana wa juu alianza kunung'unika kwamba miguu inamtetemeka, nikamkaripia anyamaze. Mama akanisukuma kando, akamwendea binti yake. Niliona mkono ukiinuka nikajua ni kofi, na nikaapa moyoni kwamba akimpiga nitaudaka huo mkono, liwalo na liwe.

Mkono ulikwenda kiunoni mwake mwenyewe. Alifungua leso aliyojifunga juu ya gauni, akapita nyuma ya binti, akamfunga nayo kiuno kama wanavyojifunga wanawake wa Gikomba kabla ya kubeba mizigo. Aliivuta kwa nguvu mpaka msichana akaguna, akapiga fundo.

"Unabebaje kiuno kikiwa kimelegea hivyo?" akamwambia.

Akarudi nyuma hatua chache, akashika nyonga, akauangalia mnara kutoka chini hadi juu. Kisha akanigeukia, bado amekunja uso.

"Mwalimu, ni hawa watatu tu?"