Sauti ya Baba kwenye Redio ya Kiwandani

Habari zilipofika kwamba dada yake mama huko Tarbaj hawezi tena kusimama bila kushikwa, mama alisema nimpeleke akamwone. Shule zilikuwa zimefungwa na mimi ni mwalimu, sikuwa na kisingizio. Kisha akaongeza, akiwa bado anachambua mchele, kwamba njiani anataka kumsikiliza baba.

Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Alikuwa dereva wa lori kati ya Garissa na Mandera, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, badala ya barua alimtumia kanda. Kila alikolala alizungumza peke yake mbele ya redio kaseti, kanda akampa dereva anayeteremka, na mara nyingi sauti yake ilifika nyumbani siku kadhaa kabla yake. Mama aliziweka kanda hizo ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Mwaka juzi kaka yangu anayekaa Nairobi alizipeleka kwa mtu akazinakili, akamletea zote ndani ya kicheza muziki kidogo cha mfukoni, kisicho na spika, cha kusikilizwa kwa waya masikioni. Mama alikijaribu mara moja tu. Alisema sauti ya mumewe ikiingia kichwani kwa waya inamtia homa, akakifunga kwenye pindo la mtandio wake.

Nilimwambia ningeweza kuzihamishia sauti hizo kwenye simu. Akasema simu ina watu wengi. Nikamwambia basi nitanunua spika, asikilize hapo nyumbani. Akatazama uani, walikokuwa mke wangu, wanangu na jirani aliyekuja kuomba barafu.

"Nataka ndani ya gari, hooyo," akasema. "Mimi na wewe."

Kwetu Wasomali mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama, jina analoitwa yeye mwenyewe. Akikuita hivyo huna la kubisha.

Mimi sikuwa nimewahi kuzisikiliza kanda zile, na niseme ukweli, sikutaka. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili baba alinichukua kwenye lori safari moja mpaka Mandera. Nilikaa mbele kando yake siku zote zile, nikimshikia chupa ya chai, na sidhani kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Likizo iliyofuata nilifunga nguo zangu mapema nikamngoja. Alikuja, akalitazama furushi langu, akasema lori si mahali pangu, nibaki nisome. Akawasha gari akaondoka. Muhula uliofuata nikapelekwa shule ya bweni ya mbali. Tangu siku hiyo nilimjibu ndiyo na hapana tu, na alikufa tukiwa bado kwenye ndiyo na hapana.

Gari langu lilitoka Japani likiwa limetumika. Redio yake ni ile ya kiwandani, imeungana na vitufe vya kiyoyozi kiasi kwamba huwezi kuing'oa ukaweka nyingine. Maandishi yote ni ya Kijapani. Mbele haina tundu la kuchomeka kitu chochote, ina mdomo wa sidii basi, na masafa yake yanaishia tisini, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizijui kabisa. Nilinunua sokoni kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ambacho hurusha sauti hewani ili redio iidake. Lakini katika nafasi ile finyu ambayo redio yangu ingeweza kusikia, stesheni moja ilikuwa imeshakaa. Nilichopata ni mtangazaji akisoma bei za mbuzi huku nyuma yake kukivuma kama mzinga wa nyuki.

Zilibaki siku tatu kabla ya safari na sikuweza kutulia. Nilikula nimesimama. Nilitoka kwenda garini, nikarudi ndani, nikasahau nilichofuata, nikatoka tena. Siku ya pili nilichukua bisibisi nikafungua dashibodi mwenyewe, nikavunja kishikizo kimoja cha plastiki, nikakutana na msitu wa waya nisioujua. Mke wangu alinitazama kutoka barazani kwa muda, kisha akaniuliza kama ninaitengeneza redio au ninaikimbia safari.

Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja, mwanamke wa kutoka Mwingi anayetengeneza redio za magari ndani ya kontena nyuma ya soko. Nilimwambia akate waya wa spika apitishe sauti hapo. Akaniondolea bisibisi mkononi.

"Ukikata hizi umeua redio, mwalimu," akasema. "Kiwanda hakikuacha tundu mbele, lakini nyuma kimeacha."

Alinieleza kwamba wenye magari hayo huko kwao hutazama televisheni humo humo, kwa hiyo redio nyingi za aina hiyo zina mahali pa kupokelea sauti kutoka nje. Alichomoa betri, akaivuta redio taratibu, akanionyesha kitundu cheupe kinachotoshana na ukucha wa kidole gumba. Plagi yake hakuwa nayo. Akapekua kikapu cha redio zilizokufa mpaka akapata inayofanana, kisha akaunganisha kwa lehemu waya tatu: wa kushoto, wa kulia na wa ardhi, na ncha ya pili akaweka kipini kidogo cha kuingia kwenye kicheza muziki.

Mimi muda wote huo nilikuwa nikilizunguka gari. Nilifungua mlango, nikafunga, nikaegemea boneti, nikauliza kama bado. Mwishowe aliniambia niende nikaswali adhuhuri, maana ninalitikisa gari na mkono wake unaruka. Niliporudi alikuwa amechomeka simu yake na sauti ilikuwa inaingia, ila kulikuwa na mlio uliopanda na kushuka pamoja na injini. Akasema waya wa ardhi umefungwa mbali mno. Akaufungua, akaufunga kwenye kiwiliwili cha redio yenyewe, mlio ukakatika. Akanionyesha kitufe cha kubonyeza, cha tatu kutoka kushoto, kwa kuwa kusoma hatuwezi.

"Sasa lete kitu chako tujaribu," akasema.

Nilikuwa na kicheza muziki cha mama mfukoni, alichoniazima kwa kujaribia. Nilikichomeka nikabonyeza bila kufikiri. Baba akakohoa, akatoa salamu, akataja mahali alipolala. Spika za milango yote minne zilimtoa mara moja, kama mtu aliyeingia amekaa. Nilichomoa waya. Fundi aliuliza huyo mzee ni nani, nikamwambia kazi yake ni nzuri, nikamlipa nikaondoka.

Tulitoka Garissa baada ya alfajiri. Mama alikaa mbele, mtandio umefungwa kichwani, miguu imeegemea kifurushi cha majani ya chai na sukari cha dada yake. Nilingoja aseme. Tulisimamishwa na polisi kwenye vizuizi, tukaonyesha vitambulisho, tukaendelea. Kila tulipopita mji mdogo nilifikiri atanyoosha mkono, na kila mara alitazama nje tu, akiniambia ni nani aliwahi kuishi pale. Mimi nilikuwa nikibadilisha mkao kitini kama niliyekalia mawe. Tulipopita Modogashe, barabara imenyooka na hakuna kitu kando isipokuwa vichaka na twiga mmoja mbali, ndipo akafungua pindo.

"Sasa," akasema. "Ile ya saba."

Baba alisalimu. Alisema yuko Wajir, tairi limempasukia, anangoja jingine. Alisema maziwa ya ngamia ya pale ni mazuri kuliko ya nyumbani. Kisha lori jingine likasikika likipita kwa mbali.

Halafu akasema, kwa Kisomali chake cha polepole: "Kuhusu mtoto, nimekusikia. Umesema asipande lori tena, na mimi nimeona magari yanavyopigwa risasi, siwezi kukubishia. Nitamwambia ni uamuzi wangu, akasirike na mimi, wewe unakaa naye kila siku. Lakini ujue kiti kile kitakuwa kitupu. Nilikuwa nimeshazoea kuulizwa maswali."

Akaendelea na habari za tairi. Nilisimamisha gari kando ya barabara nikashuka. Sikumbuki kama nilizima injini. Nilitembea kuelekea vichakani, nikarudi, nikaenda tena, kofia nimeivua nimeikunja mkononi. Nilipofungua mlango wa upande wake alikuwa ameipunguza sauti, na uso wake ulikuwa mkavu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Baba yako alikuwa amekwisha kufa," akasema. "Hasira yako haikuweza kumfikia tena. Mimi nilikuwa hai, na nilikuwa nakupikia."

"Na sasa?"

"Sasa dada yangu hasimami. Nimeona na mimi zamu yangu haiko mbali. Sikutaka uisikie baada yangu, ukose wa kumkasirikia."

Nilimkasirikia. Sitasema uongo. Mpaka Habaswein sikumwambia neno, na nilikanyaga mafuta kuliko inavyofaa, mpaka akanishika mkono wa kushoto, nikapunguza. Baada ya hapo nilimuuliza kama alilia wakati kanda ile ilipomfikia. Akasema hapana, alishukuru Mungu, akalala usingizi wa kwanza kwa wiki nyingi. Wakati huo mimi nilikuwa chumba cha pili nikifunga nguo zangu za safari.

Tarbaj tulimkuta mamangu mdogo amekalishwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amepaka hina kwa ajili yetu. Miguu yake ilikuwa imevimba lakini ulimi ulikuwa mzima. Kesho yake asubuhi mama aliomba funguo, na tukamsaidia dada yake kuingia garini. Walifunga vioo wakakaa mle mpaka karibu adhuhuri, wakicheka na kufuta macho, na baba akiwaeleza habari za barabara. Waliimaliza betri yote. Ilibidi mwenye pikapu aje na waya zake kuniwashia gari, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba radhi.

Mama aliamua kubaki mwezi mzima, akabaki na kicheza muziki. Nilirudi peke yangu. Habaswein nilisimama kwenye hoteli ambayo madereva wa malori hunywa chai, nikakaa nao, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niliuliza kama kuna anayemkumbuka baba yangu. Walitazamana. Mzee mmoja akasema mtu hamkumbuki vizuri, ila lori analikumbuka, na kwamba halikuwahi kupita bila kupiga honi. Nikamuuliza lilikuwa rangi gani.

"Kijani," akasema bila kusita.

Lilikuwa la buluu. Nilimwambia ndiyo, lilikuwa kijani, nikaagiza chai nyingine, yake na yangu, nikamwomba aniambie zaidi.