Sindano Kabla ya Amina

Nthoki alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa kwa miaka kumi na tisa, na kila Agosti alitumia likizo yake kuendesha kambi ya watoto wenye ugonjwa wa sukari katika ukumbi wa Mbotela. Watu walimwambia likizo ni ya kupumzika. Aliwaacha waseme. Kwa siku tano watoto ishirini walilala humo kwenye magodoro, wakajifunza kudunga insulini, kwanza kwenye machungwa, kisha kwenye mapaja yao wenyewe. Na kulikuwa na somo moja alilolirudia mpaka wakawa wanamwiga na kucheka: ukianza kutetemeka na kutoka jasho, sukari imeshuka, kula kitu kitamu papo hapo, usiombe mtu ruhusa.

Asubuhi ya mwisho ya kambi ya 1994, wazazi walialikwa kwa kiamsha kinywa. Saa moja na nusu watoto walijidunga mbele yao bila kusaidiwa, na akina mama wakafuta machozi. Baada ya sindano ni nusu saa, kisha chakula; kikichelewa, dawa hushusha sukari kupita kiasi. Uji ulikuwa tayari, mayai yamemenywa. Saa mbili kamili Nthoki akamwomba Mzee Mbaluka, mzee wa kanisa aliyewapatia ukumbi bure, abariki chakula.

Hapo ndipo alipokosea. Mzee Mbaluka hakuwa mtu wa kubariki uji akaketi. Aliombea wazazi, akaombea madaktari, akashika njia kwenda kuombea serikali. Nthoki alifumbua jicho moja kutazama saa ya ukutani: mbili na dakika kumi na mbili. Akawapitia watoto mmoja mmoja. Kwenye benchi la pili Ndindi, msichana wa miaka tisa kutoka Ziwani, alikuwa amefumba macho kwa adabu huku jasho likimtiririka usoni. Mikono aliyoikunja kifuani ilikuwa ikitetemeka.

Nthoki alijua kilichobaki: dakika chache, kisha mtoto angeanguka, na huenda asiamke. Simama, alijiambia. Hakusimama. Kwao hakuna aliyewahi kukatiza maombi, na mzee huyu akikasirika, mwakani kambi ingefanyiwa wapi? Sasa hivi atasema amina, alijidanganya. Mzee akaanza kuombea wagonjwa wa hospitali zote. Nthoki akatazama saa tena.

Benchi likalia. Ndindi alisimama, akayumba, akashika meza. Akavuta bakuli la sukari, akachota kijiko akatia mdomoni, akachota kingine. Kijiko kiligonga bakuli hata ukumbi mzima ukasikia.

"Ndindi," baba yake, Matheka, alinong'ona kwa ukali. "Tuko kwa maombi."

"Nimeshuka, baba," akajibu, mdomo umejaa, akachota cha tatu.

Mzee Mbaluka alifumbua macho. "Amina," akasema, na watoto wakavuta vikombe vyao.

Matheka, aibu imemjaa, akauliza ni nani aliyemfundisha mtoto wake kula watu wakiomba.

"Ni mimi," Nthoki alisema. Akaketi kando ya Ndindi, akaushika mkono uliokuwa ukianza kutulia, na hakuweza kumtazama mtoto usoni.