Albamu Niliyoiacha Wazi Ndiyo Iliyomfikisha Shemeji kwa Dada Yangu

Admin, jina langu liweke kapuni, na wale mtakaonitambua kwa maelezo naomba mnyamaze. Nina miaka 31, mwanaume, ni mpiga picha hapa Newala. Na kabla hamjaanza kunionea huruma, jueni kabisa mimi mkono wangu ni mwepesi. Nimeshampiga mtu nikamvunja taya, na hakuwa na kosa.

Mwaka jana nilitafuta sehemu ya mtandaoni ya kuhifadhi picha za wateja, maana kompyuta ilikuwa imejaa hadi inakwama. Nikajaribu mbili. Ya kwanza ilikuwa na ulinzi, kila mteja na nywila yake. Wazee wa Makote wakanishushua: "Mjukuu wangu, mimi nimekuja kuangalia picha, sikuja kufanya mtihani!" Nikaiacha. Nikachagua ya pili: ukimtumia mtu linki anaandika jina lake tu inafunguka, na kila picha ninayopiga kwa simu inapanda yenyewe kwenye albamu ya mwisho niliyotengeneza. Nikajiona mjanja kweli.

Albamu ya mwisho ilikuwa ya Rashidi, mtoto wa dada yangu Somoe, siku tulipomtoa jandoni. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo zile picha zilikuwa zawadi yangu. Linki nikairusha kwenye grupu la ukoo. Baba yake Rashidi, shemeji yangu wa Mkunya, naye yumo.

Huyo shemeji ni mnyama. Kampiga dada kwa mchi, kampiga kwa mkanda, siku moja kamburuza kwa nywele kwenye uwanja wa kuanikia korosho watu wanatazama. Mara ya mwisho alimkandamiza shingo kwa goti hadi akazimia, kisa ugali umepoa. Dada akakimbia na nguo alizovaa. Hamisi, dereva wa bodaboda jirani yao, akampakia mpaka Lupaso, upande wa Masasi, kwa mama yetu mdogo ambako shemeji hajawahi kufika.

Kesho yake nikaenda. Uso umevimba, jicho moja halionekani. Nikamwambia, "Dada, tupige picha, tutazipeleka polisi."

Akaona aibu. "Mdogo wangu, hizi hakuna mwingine atakayeziona?"

"Mimi na polisi tu, wallahi."

Nikamtoa barazani kwenye mwanga, mlango wa kijani nyuma yake. Nikapiga uso, shingo, mgongo. Nilipiga kwa simu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, shemeji akatokea Lupaso na panga. Dada alikuwa anamenya mihogo. Mama mdogo anasema hata hodi hakupiga. Pigo la kwanza dada alilikinga kwa mkono wa kulia, mkono ukabaki unaning'inia kwa ngozi. La pili likashuka begani. Mihogo yote ilikuwa damu tupu. Mama mdogo akammwagia shemeji maji ya moto, ndipo majirani wakamdaka, wakamtwanga hadi polisi wakaja kumwokoa. Hospitali walimalizia kuukata ule mkono.

Mimi nikasema, nani kamwambia? Waliojua ni sisi na Hamisi. Sikuuliza mara mbili. Nikamfuata kijiweni, nikamvuta kwenye pikipiki yake, nikampiga kwa helmeti yake mwenyewe hadi meno yakadondoka. Analia, "Kaka, naapa kwa mama yangu sijasema!" Nilivyosikia anaapa ndiyo nikazidisha. Wenzake hawakuamulia, waliamini kauza siri. Leo anakunywa uji kwa mrija. Na hakunishtaki, amesema anauelewa uchungu wangu.

Wiki iliyofuata mpelelezi akaniomba zile picha. Shemeji anadai hajawahi kumpiga mkewe, zilikuwa hasira za siku moja, na Lupaso alipita kwenye shughuli zake akamwona kwa bahati tu. Kwenye simu nilishazifuta, ndiyo mtindo wangu, ikishapanda nafuta. Nikafungua mtandaoni. Jamani! Rashidi kavaa kanzu mpya, mashangazi wanacheza, halafu unafuata uso wa dada yangu. Chini ya kila picha imejiandika yenyewe: Lupaso. Mlango wa kijani huo hapo. Na kwenye orodha ya waliofungua, wengine wote waliishia siku za jando, ila jina la kwanza ni shemeji, mara kumi na moja, ya mwisho asubuhi ya siku ile aliyokuja na panga.

Nikiitoa albamu kama ilivyo, shemeji hana pa kutokea, itajulikana alimpiga kabla na alimwinda. Lakini itasomwa mahakamani dada amekaa pale anasikia, na Hamisi anasikia. Mtaniambia toa picha, ficha orodha. Nimeshalifikiria hilo. Bila orodha ule uongo wake wa bahati utasimama, na Hamisi atabaki msaliti maisha yake yote. Nikifuta kila kitu hakuna atakayejua, na yule mnyama anaweza kurudi Mkunya akalala kitandani kwake.

Jana nilimpelekea dada uji wodini. Nilikwenda kwa nia ya kusema, Mungu shahidi, nikaishia kumpozea uji. Akanishika kwa mkono wa kushoto, akasema, "Hamisi akija hapa mfukuze, sitaki kumwona. Mimi nimebaki kukuamini wewe tu, mdogo wangu."

Nikamjibu, "Sawa, dada."

Mpelelezi anakuja kesho kutwa. Nishaurini ndugu zangu. Nimtazame dada usoni nimwambie ni mimi niliyemwonyesha mumewe mlango, au nimwache akasikie mbele ya hakimu? Nitukaneni mkitaka, ninastahili, ila nijibuni kabla mpelelezi hajafika. Nifanye nini?