Cheti cha ukocha nimekipata kwa pua

Leo Jumamosi, mwezi wa nane tangu nitoke kijijini kwetu Kagerankanda kuja kubeba zege Kibondo.

Jamani, nimepigwa na mwanafunzi wangu.

Ulikuwa mtihani wa ukocha wa karate, ngazi ya kwanza. Ukifeli, unarudia kozi yote.

Msimamizi akamwita mama muuza mihogo aliyekuwa anatuchungulia dirishani. Akaniambia, "Mfundishe ngumi moja. Dakika tano."

Nikamfundisha. Nikamwambia, "Mama, usiogope, nipige."

Hakuogopa.

Nimekaa chini, pua inatoka damu, yeye ananiambia, "Pole mwanangu, si umesema mwenyewe?"

Msimamizi akaandika: "Anafundisha vizuri. Amefaulu." Kujikinga ni ngazi ya pili.

Krismasi narudi kijijini kufungua darasa. Mliosema mbeba zege hawezi kuwa kocha, njooni mjionee.

Mama wa mihogo simleti.